Mashua moja, mafundi mtaa mzima

Anayetaka kujua mtaa wake una mafundi wangapi aweke mashua kuukuu uani. Huku kwetu Tanga muuza kahawa fundi, bodaboda fundi, na hata yule jamaa anayetapika akipanda pantoni ana la kusema kuhusu mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo.

Kila apitaye lazima atie kidole kwenye nyufa za ubavuni: "Hii itazama, bwana." Jamani! Mbao zikikaa nchi kavu muda mrefu husinyaa, maungio yanaachia. Ndiyo maana kuna kalafati: unasokota pamba, unailoweka mafuta ya nazi au sifa, yaani mafuta ya papa, kisha unaipigilia kwa patasi butu, taratibu, ufa kwa ufa. Usishindilie kupita kiasi, maana chombo kikishuka majini mbao zinavimba na kuibana zenyewe. Sasa hayo nieleze mara ngapi? Kuna aliyeniambia nizibe kwa saruji. Saruji, kwenye mashua!

Sifa inanuka, sikatai. Lakini aliyekuja kulalamikia harufu ndiye huyohuyo aliyeanika mashuka yake juu ya taruma zangu, mbavu za mashua, bila hodi. Watoto nao wanachomoa pamba wanajibandika ndevu. Hao nawasamehe.

Mwenye nia ya kusaidia, deheni, ile ya kupaka chombo kisipenye maji, inasubiri kukorogwa: chokaa na shahamu ya moto, kisha ulale chini ya chombo uipake kwa mkono. Nikilitaja hilo tu, mshauri anakumbuka ana msiba Pangani.