Binti ana mimba, anayeshtakiwa ni mama

Binti akifaulu mtihani ni wa baba. Akipata mimba, "njoo umwone mwanao." Kina mama wengi wa Kitanzania hukutana na habari hii wakiwa wameshahukumiwa na mume, mawifi na mama mkwe: ulikuwa wapi? Ndiyo maana binti hafikishwi kliniki. Anapigwa, anahojiwa usiku kucha amtaje mhusika, kisha anapandishwa basi kwenda kwa bibi kijijini kabla majirani hawajaliona tumbo.

Hasira naielewa. Kumficha ndiko kunakoua. Hudhurio la kwanza linatakiwa kabla ya wiki 12, apimwe wingi wa damu, presha, mkojo, VVU na kaswende, aanzishiwe vidonge vya kuongeza damu. SP ya kuzuia malaria hutolewa kuanzia miezi minne hivi, kila dozi ikipishana na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi. Anayefika kliniki na mimba ya miezi minane hana muda wa kupata angalau dozi tatu zinazohitajika.

Na mwili wa miaka 15 una hatari zake. Kichwa kinachouma bila kupoa, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, maumivu chini ya chembe ya moyo: hospitali siku hiyo hiyo. Hicho ni kifafa cha mimba kinabisha hodi, ingawa vijijini bado kuna watakaosema ni majini. Nyonga ambayo haijakomaa nayo huweza kukwamisha mtoto, na uchungu wa siku mbili au tatu ndio unaoacha fistula, tundu linalomfanya avuje mkojo au choo bila kujizuia. Kwa hiyo kwa bibi sipataki, labda kama jirani yake kuna kituo chenye chumba cha upasuaji.

Sasa mhusika. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inahesabu kufanya mapenzi na msichana wa chini ya miaka 18 kuwa ubakaji, na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanampa anayempa mwanafunzi mimba kifungo cha miaka 30. Lakini kesi hufa nyumbani: wazee wanakaa, pesa inapokewa, binti anafundishwa kusema hamjui. Pagumu zaidi ni pale mhusika anapokuwa baba wa kambo au mjomba anayelipa kodi ya nyumba. Mama ananyamaza kwa sababu akisema, kesho watoto wote watalala nje. Huyo asipeleke jambo kwenye kikao cha ukoo. Aende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, kwa afisa ustawi wa jamii, au apige 116, ni bure.

Kurudi shule baada ya kujifungua kunawezekana tangu Novemba 2021, na mwongozo wa serikali unampa miaka miwili ya kurudi. Kikwazo ni nani atashika mtoto, kwa kuwa bibi huyu mpya, yaani mama wa binti, mara nyingi ana miaka 38 na genge la kuendesha. Maziwa yaliyokamuliwa kwa usafi hukaa kwa muda wa saa nne bila friji, basi zamu zipangwe, baba wa binti akiwemo.

Halafu kijiti, kile cha kuzuia mimba kinachowekwa mkononi. Akina mama hukikataa, eti ni kumpa ruhusa. Binti mwenyewe akikubali, kinawekwa akishajifungua, kabla hajatoka wodini, hata kama ananyonyesha. Mkisubiri amwachishe mtoto ziwa, mimba ya pili inaweza kumkuta hajashika daftari.