Comet niliyoikuta Everett

Huku Everett, katika jimbo la Washington nchini Marekani, makumbusho ya usafiri wa anga yaitwayo Museum of Flight yana karakana ya kufufulia ndege kuukuu. Humo nilikuta ndege ya abiria ya jeti, de Havilland Comet 4C, iliyowahi kumilikiwa na shirika la ndege la Mexicana, nikamkumbuka marehemu babu yangu, aliyekuwa fundi wa ndege katika uwanja wa Embakasi, Nairobi, enzi za East African Airways, shirika lililoanza kurusha Comet 4 mwaka 1960. Ndege aliyotusimulia miaka yote, mimi nimekuja kuigusa ugenini.

Wengi wa wanaofanya kazi hiyo ni wastaafu wa kujitolea. Bati lililoliwa na kutu hulibandua, wakakata jingine la kulingana nalo, kisha wakalifunga kwa ribiti, moja baada ya nyingine, kwa subira ambayo huchukua miaka mingi kwa ndege moja tu. Boeing 247D waliyoifufua, ya aina iliyoanza kuruka mwaka 1933, iliondoka huko Aprili 2016 kwa mbawa zake yenyewe hadi Seattle.

Vijana nao hawakusahauliwa. Tangu mwaka 1992, mpango wa Young Eagles huwapandisha bure watoto wa miaka 8 hadi 17 katika ndege ndogo za marubani wa kujitolea. Nisizidishe sifa, lakini: safari hiyo ni fupi, masomo ya urubani yanayofuata ni ghali mno, na mtoto wa mhamiaji, asipokuwa raia, sharti kwanza achunguzwe na serikali kabla ya kufundishwa.

Hata hivyo, mtoto huyo anakaribishwa aiguse ndege. Nyumbani Kenya, ambako Aero Club of East Africa imekuwapo tangu mwaka 1927 na kwa hiyo hatuwezi kusingizia ugeni wa mambo ya anga, sisi wanafunzi tulizitazama ndege zilizoachishwa kazi kupitia ua wa waya, nyasi zikiota chini ya mbawa zake, mpaka mlinzi akatufukuza. Sidhani kikwazo cha kuwa na karakana kama ile ya Everett ni fedha. Mzoga mmoja wa ndege, banda na Jumamosi za wazee wanaoujua ufundi vingetosha kuanzia, ila wazee hao hawatusubiri: East African Airways lilivunjika mwaka 1977, na aliyekuwa na miaka 25 wakati huo sasa amepita 70. Spana za babu bado zimo sandukuni kwa mama, na hakuna anayejua ipi ilikuwa ya kazi gani.