Tusiwanyang'anye Wazee Kazi Zao

Wazanzibari tunaoishi Ulaya tuna jibu moja tunalolitoa kwa fahari kila tunapoulizwa habari za wazee wetu, nalo ni kwamba kwetu mzee hatupwi, anakaa na wanawe mpaka siku yake ifike. Jibu hilo lina ukweli mwingi, ingawa makao ya wazee ya Sebleni na Welezo kule Unguja, na ya Limbani kule Pemba, yanatosha kuonyesha kwamba si ukweli wote. Hata hivyo, swali linalonishughulisha mimi, ninayefanya kazi ya kuwahudumia wazee hapa Denmark, si mzee analala wapi. Ni nini anachokifanya tangu alfajiri hadi isha, na nani atapungukiwa asipokifanya.

Kwa upande wa huduma, Denmark haina mfano kwetu. Mzee huogeshwa kwa upole, dawa zake huja kwa saa, na hakuna anayelala na njaa. Tatizo ni kwamba huduma ikikamilika kiasi hicho, mwenyewe hubakiwa na kazi ya kuhudumiwa tu, na hapo ndipo hubuniwa shughuli za kumshughulisha. Katika makazi niliyowahi kufanyia kazi, bibi mmoja aliyeishi miaka mingi shambani na mumewe aliletewa kila alasiri kapu la taulo azikunje. Akishamaliza, sisi tulizipeleka chumba cha nyuma, tukazikunjua, na kesho yake tukamrudishia zilezile. Siku moja aliinua taulo, akaitazama upindo wake, akauliza, "Hizi ni za nani?" Aliyekuwa naye hakuwa na jibu, na bibi yule hakuligusa tena kapu lile. Walioandika kwenye jalada lake kwamba hali yake imeshuka hawakukosea, lakini kwa maoni yangu yeye ndiye aliyekuwa ameona sawasawa.

Wadenmark wenyewe wameliona hilo. Mwaka 2008 manispaa ya Fredericia ilianza mpango ambao, badala ya kumpelekea mzee mtu wa kumfagilia, ulimpelekea mtu wa kumsaidia aweze tena kufagia, kupika na kujivalisha. Mwaka 2015 sheria ilianza kuzitaka manispaa zote zimpe mafunzo ya namna hiyo mzee anayeweza kufaidika nayo kabla ya kumpangia msaada wa kudumu. (Wasomaji wasidhani ni huruma tupu, msaada mchache una gharama ndogo, na manispaa zinajua kuhesabu.) Wazo lenyewe lina umri mrefu zaidi. Mwaka 1976, Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha utafiti uliofanyika katika makao ya wazee ya jimbo la Connecticut, Marekani. Wazee wa makundi mawili walipewa mimea. Kundi moja likaambiwa limwagilie lenyewe na lijiamulie mambo yake, jingine likaambiwa wauguzi wataimwagilia. Utafiti ulikuwa mdogo, lakini wale wa kundi la kwanza walionekana wachangamfu na wenye furaha zaidi.

Nyumbani hatukuhitaji utafiti ili kujua hayo. Shangazi yangu kule Pemba ameshapita miaka sabini na bado anasuka ukili. Chane za ukindu anazianika na kuzitia rangi mwenyewe, kisha hukaa barazani na wenzake, mikono ikienda na mazungumzo yakienda, na ukili ukirefuka hadi utoshe kushonwa mkeka. Mkeka ule una mwenyewe anayeungoja: bibi harusi, msikiti, au jirani aliyefiwa. Asipotokea barazani siku mbili, watu huja kumwangalia. Hiyo ni kinga dhidi ya sonona ambayo hakuna daktari aliyeiandika.

Sasa sisi tulioko ng'ambo tunaibomoa kwa mapenzi. Tunatuma pesa awekwe msichana wa kazi, tunanunua unga uliokwisha sagwa na tui la pakiti, kisha tunampigia simu mama na kumwambia, "Umeshafanya kazi ya kutosha, sasa pumzika." Anapumzika, na baada ya muda tunasikia kwamba hali chakula vizuri, hapati usingizi, na hataki kutoka. Watu husema ni uzee tu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba takriban asilimia 14 ya watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi wana tatizo la afya ya akili, na sidhani kama visiwa vyetu vimeepushwa; tofauti ni kwamba kwetu huitwa uzee na hakuna anayepelekwa hospitali.

Simaanishi kwamba mzee abebeshwe ndoo za maji, au aachiwe kulea wajukuu sita kwa sababu wazazi wao wamehamia mjini. Kazi isiyo na hiari ni mzigo, na mzigo nao huumiza akili. Pensheni ya Zanzibar kwa wenye miaka 70 na zaidi, iliyoanza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000, ina thamani kwa sababu hiyo hasa: inampa mzee nafasi ya kukataa kazi inayomchosha na kubaki na ile anayoipenda.

Kama kuna jambo la kuiga Denmark, mimi ningechagua vifaa. Huku manispaa humwazima mzee kiti cha kuogea, kigari cha kutembelea, au kishikio cha kufungulia chupa, ili kazi imfuate pale nguvu zake zilipofikia. Wazee wengi kwetu huacha kushona kwa sababu ya macho wala si mikono, na huacha kukuna nazi kwa sababu ya magoti. Pesa tunayotuma ya mwezi mmoja ingeweza kwenda kwenye miwani au kwenye kupima mtoto wa jicho, na fundi seremala yeyote wa mtaani anaweza kutengeneza mbuzi ya kukunia nazi iliyo juu kama kiti, mradi apelekewe kipimo kutoka goti la mama hadi sakafuni.