Mwambie wakili wako na yale ya aibu

Rafiki yangu alikwenda kwa wakili na bahasha iliyojaa. Alikuwa amechapisha ujumbe wote ambao mumewe alikuwa akiandikiana na mwanamke mwingine, akaupanga kwa tarehe na kutia alama kwa kalamu nyekundu. Wakili alipitisha macho kurasa mbili tatu, akaziweka kando.

"Ulipogundua, ulifanya nini?"

"Niliumia, wakili."

"Na baada ya kuumia?"

Nilikuwa nimemsindikiza, nimekaa ubavuni pake. Nikamwona anakunja na kukunjua kona ya bahasha. Mwisho akafungua simu, akamwonyesha ujumbe aliouandika yeye mwenyewe wiki tatu baada ya kugundua: "Nimekusamehe. Tuanze upya." Na kweli walianza upya, wakaishi miezi minane.

Pale ambapo talaka inadaiwa kwa kosa la mwenzi, maneno yale matatu yangeweza kuibomoa bahasha nzima. Ndio utetezi wa msamaha: ulijua alichofanya, ukamsamehe, mkarudiana kama mke na mume, basi huwezi kulipeleka kosa lile mahakamani kana kwamba limetokea jana. Msamaha huo una masharti yake, kwani kwa kawaida anayerudia kosa hulifufua na lile la zamani. Uingereza, sheria ya mwaka 1973 iliweka hata muda: ukijua mwenzio amezini, kisha mkaishi pamoja zaidi ya miezi 6, uzinzi huo hukuweza tena kuutegemea kuombea talaka.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Anayepigwa akarudi nyumbani kwa sababu hana pa kulala, au kwa kuwa ametishiwa watoto wake, hajasamehe. Ameogopa. Msamaha ni wa hiari, na mwanasheria mzuri anajua kulieleza hilo mbele ya hakimu. Ila ataelezaje kama hujamwambia kwamba ulirudi? Na mtu huyo asisubiri shauri la talaka ndipo atafute usalama. Maombi ya zuio la kulindwa, yaani amri ya mahakama ya kumzuia anayekuumiza, hupelekwa mapema, peke yake.

Tetezi nyingine ziko: kwamba uliridhia mwenyewe, kwamba ulimchokoza, kwamba nawe una kosa lile lile. Iko pia njama, pale wawili wanapopatana kuidanganya mahakama. Katika jimbo la New York, Marekani, hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1966, sababu pekee ya talaka ilikuwa uzinzi. Basi watu walikodi chumba cha hoteli, mwanamke wa kujifanya mpenzi na mpiga picha wa kuingia ghafla, kisha wakaapa. Sheria ngumu iliwafundisha watu wa heshima zao kusema uongo kwa kiapo.

Ndiyo maana wengi walishangilia California ilipoanza talaka isiyotafuta mkosaji, tarehe 1 Januari 1970. New York yenyewe ilifuata mwaka 2010. Lakini kosa halikutoweka kila mahali. Kwingine limehamia kwenye pesa. North Carolina, jimbo jingine la Marekani, mwenzi anayetegemea matunzo akithibitika kuzini wakati wa ndoa anaweza kuyakosa kabisa, isipokuwa kama mwenzake alikwisha kumsamehe. Unaona? Ujumbe ule ule unaomuumiza mmoja unaweza kumwokoa mwingine.

Kuhusu kupinga talaka yenyewe, msimamo wangu ni kwamba mara nyingi haifai. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimnyima talaka mke ambaye mumewe alipinga, ikabidi asubiri hadi mwaka 2020 atimize miaka mitano ya kutengana. Mume alishinda kesi. Mke hakurudi. Sheria ikabadilishwa, na tangu Aprili 2022 talaka haipingwi tena kule kwa hoja kwamba ndoa bado nzima. Pigania malezi ya watoto, nyumba, matunzo. Pigania na jina lako ukisingiziwa. Ndoa ambayo mwenzio ameshatoka, sijui unaitetea ili uipeleke wapi.

Ukiletewa hati ya madai, usiifungie kabatini. Ina siku za kujibu, na zikipita shauri linaweza kuamuliwa bila wewe. Huna pesa? Ulizia vituo vya msaada wa kisheria na vitivo vya sheria vya vyuo vikuu. Vingi huhudumia watu bure au kwa malipo kidogo. Mwenye pesa naye aulize mapema kama ada ni ya shauri zima au ya saa, na kama rufaa imo. Usikubali wakili mmoja awasimamie nyote wawili, hata kama mmeachana kwa amani. Na usifute ujumbe wowote, hasa ule unaokuaibisha, maana mwenzio anao pia.

Rafiki yangu alitoka pale uso umemvimba kwa kulia. Wakili aliweka pembeni yale ya kabla ya msamaha, akaandika madai upya kwa yaliyotokea katika ile miezi minane. Majibu ya mume yalipokuja, ukurasa wa pili ulikuwa na picha ya ule ujumbe: "Nimekusamehe. Tuanze upya." Wakili alikuwa ameshauandikia majibu.