Mtoe Huyo Mtu

Hapa Nasser Road, Kampala, kazi yangu ni kusafisha picha za bidhaa kwenye kompyuta: sabuni, viatu, masufuria. Yote hayo nafuu. Dhahabu ndiyo inayonitia wazimu, maana ikisuguliwa inakuwa kioo. Aliyepiga picha naye yumo, simu mkononi, tumbo mbele.

Basi bi mkubwa mmoja wa Kimombasa, mwenye duka la vito hapa mjini, akanitumia picha za pete na bangili, zimevaliwa na mpwa wake. Maagizo yakaja kwa sauti kwenye WhatsApp, nyuma mtoto analia, boda boda wanapiga honi:

"Mwanangu, futa hizo alama, toa vidoadoa, na huyo mtu kwenye bangili mtoe kabisa, ananiharibia soko. Ing'ae, lakini isizidi."

Nikashangaa, maana mpwa mwenyewe mzuri hasa. Lakini picha zake, pesa zake. Nikamtoa. Bangili ikabaki inaelea hewani. Alama niliiona moja tu, ndani ya pete: 750. Nikaifuta, pakawa laini. Vidoadoa vilikuwa tele kuzunguka kito, nikavifagia vyote.

Bi mkubwa akaziweka status bila hata kuzitazama. Jioni simu ikalia.

"Wewe! Mpwa wangu umempeleka wapi?"

Kumbe mtu wa kutolewa ni mpiga picha, aliyeonekana ndani ya bangili, tena kifua wazi. Vidoadoa ni vumbi la kwenye kitambaa. Nilivyofagia mimi ni vijiwe vya pete. Alama ni mikwaruzo. Na ile 750 ndiyo inayomhakikishia mnunuzi kwamba dhahabu ni asilimia 75, yaani karati 18.

"Sasa watu wananiuliza kama nauza shaba!"

"Shikamoo, bi mkubwa," nikasema, maana sikuwa na la kusema. "Nakuomba uzichapishe, uzungushie kwa kalamu nyekundu, kila duara na maelezo yake."

Kesho yake zikaja, na kwa kweli sijapata kuona maagizo safi kama yale. "Kifua wazi atoke. Mpwa arudi. 750 ibaki, isomeke. Vumbi litoke, vijiwe visiguswe, nimevihesabu. Rangi iwe ya dhahabu, si ya mchuzi wa binzari."

Duara la mwisho lilikuwa shingoni: "Kidevu cha pili punguza. Asijue."

Aliyeniletea ni mpwa mwenyewe. Karatasi hazikuwa na bahasha.