Huku treni zinachelewa, lakini wanasema mapema

Ndugu zangu wa Lamu wana imani moja kuhusu Uingereza ambayo nimeshindwa kuwatoa: kwamba treni ikiandikwa saa tatu na dakika saba, basi dakika ya saba inang'oa. Nawaambia sivyo, wananicheka. Hapa Birmingham ninapoishi treni inachelewa, inafutwa, inakatishwa njiani, abiria mnashushwa mnapandishwa basi. Msimu wa majani ya miti kupukutika, yakishalala juu ya reli magurudumu yanateleza na ratiba nzima inalegea. Tarehe 25 Desemba hakuna treni kabisa. Anayepanga kuja kututembelea wakati huo achunge na siku za jirani zake, maana ndipo mafundi wanapofungiwa njia wafanye kazi kubwa.

Kwa hiyo mimi siwaonei wivu Waingereza kwa treni zao. Wivu wangu ni jinsi habari ya treni kuharibika inavyomfikia abiria.

Kazi za reli hutangazwa mapema, mara nyingi wiki kadhaa kabla. Network Rail ndiyo yenye njia, makampuni ndiyo yenye treni, na ukurasa wa National Rail unazitenga habari mafungu mawili: yanayotokea sasa hivi, na kazi zilizopangwa siku za mbele. Mimi kabla sijasoma tangazo lolote natafuta saa lilipoandikwa. La saa mbili asubuhi ukilisoma saa nane mchana hilo ni hadithi.

Mgeni hufungua programu tatu za simu, zote zikamwambia treni iko sawa, akalala usingizi wake. Hao si mashahidi watatu. Programu nyingi huchota kisima kimoja, mfumo wa habari za reli uitwao Darwin; kisima kikichafuka, ndoo zote zimechafuka. Wenyeji wajanja hufungua Realtime Trains, ambako unaiona treni imepita stesheni gani na saa ngapi. Wala hawatazami yao peke yake. Pale Euston, London, treni nyingi huingia, zikateremsha watu, zikageuka. Ile inayoingia ikiwa nyuma nusu saa, yako nayo imeshachelewa hata kama ubao bado unadai kila kitu ni sawa.

Halafu kuna pesa. Kwa makampuni mengi, ukicheleweshwa kuanzia dakika 15 unarudishiwa robo ya nauli ya safari ile, kuanzia 30 nusu, saa nzima unarudishiwa yote. Siku za kudai ni 28. Ila wana ujanja wao: kuchelewa kunahesabiwa kwa ratiba ya siku yenyewe, si ile uliyonunulia tiketi. Wakiibadilisha mapema wakaitangaza, lile gari lao la badala ya treni, la kuzungukazunguka vijiji, likifika kwa saa iliyoandikwa upya halijachelewa hata kidogo! Kampuni moja iliniuzia tiketi ya Jumapili kwenda nikaha London, na ratiba mpya ikatangazwa Ijumaa, pesa zishalipwa. Haki niliyobaki nayo ilikuwa kurudishiwa nauli bila makato nikiamua kutosafiri nao. Nikaichukua, nikaenda stesheni ya Moor Street, ambako treni za London huingilia Marylebone, njia nyingine kabisa. Bila lile tangazo la Ijumaa ningefika sahani za pilau zishaoshwa.

Kinachokosekana huku ni mtu. Umuulize mfanyakazi wa stesheni na koti lake la kung'aa, atatoa simu mfukoni asome kilekile unachokisoma wewe.

Lamu hatuna treni, lakini safari zetu zinakatika vilevile. Mtu wa Amu, yaani mji wa Lamu, akienda Mombasa huvuka kwa boti kabla ya alfajiri mpaka Mokowe, akapanda basi, akapita Witu, Gamba, Minjila, ndipo ateremkie Malindi na kuendelea Mombasa. Kila kipande kina shida yake. Kusi likivuma vibaya bahari haina adabu. Mambo ya usalama yakichafuka, mabasi yanasubiri eskoti ya polisi. Na mto Tana ukifurika, barabara inamezwa pale Lango la Simba, kama ilivyokuwa mwisho wa 2023.

Msimu ule mamangu alikuwa na miadi ya daktari wa macho Mombasa. Kwenye WhatsApp ya familia ilizunguka sauti ya mwanamume anapiga kelele kuwa basi linasombwa na maji. Basi gani, lini, wapi, hakuna aliyejua. Kila mtu ameipokea na kuirusha mbele. Nikampigia ami.

"Shikamoo ami. Njia inapitika kesho?"

"Marahaba, mwanangu. Kata simu nimuulize kijana wa lori."

Hakukawia kunirudia. "Yuko Minjila tangu jana na lori la saruji. Anasema lami haionekani, na dereva wake amekataa hata kujaribu. Mwambie mamako asitoke."

Mama hakutoka. Habari ile ilikuwa bora kuliko nyingi ninazozisoma huku: imetoka kwa aliyesimama ukingoni mwa maji, inajulikana imesemwa saa ngapi, na mwenye kuisema ana jina. Kasoro yake ni kwamba ami ni wangu. Mwalimu aliyehamishiwa Faza, kisiwani Pate, juzi, asiyejua mtu Minjila, atampigia nani? Ataachiwa ile sauti ya kelele. Kwetu habari za safari tunazo, tena nzuri, ila zinagawiwa kwa ujamaa, na asiye na jamaa anaambulia uvumi.

Malindi nako hivyohivyo. Dada yangu anayeishi huko akienda Nairobi kwa treni ya SGR hukata tiketi kwa simu bila shida, na treni ikibadilishiwa saa, mara nyingi mitandao inasema. Lakini stesheni iko Miritini, Mombasa, na foleni ya magari ya Mtwapa njiani haimtangazii mtu. Yeye ana namba ya dereva wa matatu. Jirani yake hana, hivyo hutoka nyumbani alfajiri kwa treni ya mchana.

Nasi hatuhitaji programu ya simu kwa hili. Karani wa basi Lamu, ikifika usiku, anajua kama gari la kutoka Mombasa limeingia Mokowe, na gari hilohilo ndilo linalogeuka asubuhi. Ni hesabu ileile ya Euston. Aandike tu kwenye ubao mlangoni: gari limeingia saa fulani, au limelala mahali fulani, na saa aliyoandika. Nilipokuwa likizo nilimwambia karani mmoja hivyo. Akanitazama kwa huruma. "Kaka, nikiandika gari limelala Minjila, abiria wote watahamia kwa jirani."

Ana haki. Lakini makampuni ya reli huku nayo hayatangazi kwa ukarimu. Leseni zao zina sharti la kumpa abiria habari, na mdhibiti wa reli, ORR, ndiye anayelisimamia. Mabasi yetu leseni zake hutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Sharti kama hilo likiwekwa kwa wote, yule jirani naye itabidi aandike lake limelala wapi.