Mishahara Kwenye Karatasi za Kipaimara

Naishi Pasua, Moshi, ofisi iko Arusha. Mwisho wa mwezi mmoja bosi aliniruhusu nifanyie kazi nyumbani, mradi orodha ya mishahara aikute kwenye printa ya ofisi kabla ya saa nne. Jambo dogo. Nikawasha VPN, ile njia ya faragha ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti, nikachagua printa kwa anwani yake ya mtandao, 192.168.1.20, nikabonyeza.

Simu ikaita. "Kijana, nimesimama kwenye printa kama mlinzi. Iko wapi?"

Nikatuma tena. Akapiga tena. Mara ya tatu nikatuma kwa hasira, nakala mbili.

Kumbe ruta ya ofisi, kile kifaa kinachogawa mtandao na anwani, tuliiacha kama ilivyotoka kwenye boksi, na ya nyumbani vilevile: zote zinagawa namba zinazoanza na 192.168.1. Kompyuta ikiisoma 192.168.1.20 inasema, ah, huyu si jirani yangu humuhumu ndani? Ya nini kupanda VPN hadi Arusha, kilomita 80? Na jirani mwenye namba hiyo alikuwa printa ya mke wangu, aina ileile ya ofisini (nilimshauri mwenyewe), iliyoko chumba cha mbele anakochapia kadi za kipaimara. Asubuhi hiyo alikuwa ameijaza karatasi za pinki zenye maua.

Tena si kwamba namba zimeadimika! Tangu 1996, RFC 1918, mmoja wa miongozo ya intaneti, imetutengea za matumizi ya ndani bila kumwomba mtu: zote zinazoanza na 10, na 172.16 hadi 172.31, na 192.168. Ile ya 10 peke yake ina anwani zaidi ya milioni 16. Mimi nikang'ang'ania zilezile 254 za kila mtu.

"Baba Neema!"

Nikatoka mbio. Mke wangu kashika karatasi, hasemi kitu. Mama mkwe, aliyeteremka kutoka Kibosho jana yake, ndiyo kwanza anavaa miwani.

"Mkwe, hii iliyoandikwa mbele ya jina lako ni namba ya simu?"

Niseme tu kwamba nyumbani mshahara wangu ulikuwa unajulikana kuwa nusu ya huo.

Jioni niliihamishia nyumba kwenye namba zinazoanza na 10.83.27, na printa ya Arusha ikaitika mara ya kwanza. Zile karatasi za pinki nilizichoma zote jikoni, moja baada ya nyingine, nikihesabu. Ikapungua moja.

Niliiona asubuhi nilipofuata maziwa. Ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, kuna hesabu ya ada.